Uzi: Mwaka 1783, Ulaya ilivuta moshi bila kujua jiko liko wapi

Mkoba wa Karatasi:

Wakuu, salaam. Shuleni mwaka 1783 niliupata kwa mstari mmoja tu ubaoni: Mkataba wa Paris, Uingereza yakubali uhuru wa Marekani. Tukanakili, kengele ikalia, tukaenda kula makande. Majuzi nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa nikaukuta tena mwaka ule, na kadiri ninavyouchimba ndivyo ule mkataba unavyozidi kuwa mdogo. Naushusha uzi kidogo kidogo maana natumia simu.

Naanzia Iceland, kisiwa cha huko juu kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 1783, asubuhi tulivu, anga jeupe. Wakulima wa kusini mwa kisiwa, sehemu inaitwa Kirkjubæjarklaustur (msiniulize inatamkwaje), wakaona wingu jeusi linapanda nyuma ya milima. Punde likawafunika, giza likaingia hadi ndani ya nyumba, majivu yakaanza kudondoka. Ardhi ilikuwa imepasuka. Usifikirie mlima mmoja wenye shimo kileleni kama tulivyozoea kuchora kwenye daftari la jiografia. Ulikuwa ufa wa kilomita kama 27, matundu zaidi ya 100 yamejipanga mstari yakitema moto. Watu wa Dar, chukueni ufa unaoanzia Posta, unafuata Barabara ya Morogoro, unakwenda kuishia huko Kibamba.

Ufa huo unaitwa Laki. Haukunyamaza hadi Februari 1784, miezi minane. Lava yake ilifunika eneo linalokaribia theluthi moja ya Unguja.

Kiroba Kitupu:

Nimeweka kiti. Mkuu, usituambie "itaendelea" halafu ukapotea miaka miwili kama wenzako.

Mkoba wa Karatasi:

Sipotei. Tuendelee.

Palikuwa na mchungaji wa parokia pale, Jón Steingrímsson, ambaye aliandika karibu kila alichokiona. Bila kalamu yake tungebaki na mawe tu. Tarehe 20 Julai lava ilikuwa inateremka kwenye bonde la mto kuelekea kanisani kwake. Akawakusanya waumini, wakaingia, akahubiri kama mtu anayejua huenda ndiyo ibada ya mwisho katika jengo lile. Radi zinapiga, kanisa linatikisika. Walipotoka wakaenda kutazama, wakakuta moto umesimama. Haukusogea tena hatua moja, ulikuwa unajirundika palepale. Maji ya mito iliyozibwa na lava yalikuwa yamefurika juu yake na kuipoza. Waiceland hadi leo wanaiita misa ile Misa ya Moto. Wenye imani wachukue upande wao, wenye fizikia wachukue wao, mimi nimeshindwa kuchagua.

Lakini lava haikuwa muuaji mkubwa. Muuaji alikuwa hewa. Ufa ulitoa gesi ya salfa inayokadiriwa tani milioni 120, na pamoja nayo floraidi tani kama milioni 8, ikaanguka juu ya majani. Kondoo wakala majani. Meno yakaharibika, mifupa ikaota manundu, viungo vikakaza. Karibu kondoo 8 kati ya 10 wa kisiwa kizima walikufa, na nusu ya ng'ombe. Watu nao, wasio na nyama, maziwa wala samaki wa kutosha, walikufa kati ya moja ya tano na moja ya nne ya taifa zima. Nchi ilikuwa na watu kama 50,000 tu.

Mmeru wa Maji ya Chai:

Mkuu, hapo kwenye meno umenigusa. Mimi nimezaliwa Arumeru, kicheko changu unakijua. Nilipofika chuo Dar mtu wa kwanza kuniona nikicheka aliniuliza navuta sigara tangu lini. Ni maji, jamani! Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru, yana floraidi nyingi, mtoto anakua na meno ya kahawia. Na si meno tu. Kijijini kwetu kuna wenzangu miguu ilipinda wakiwa wadogo. Bibi yangu alikuwa anakinga maji ya mvua kwa ajili ya wajukuu wadogo, hakujua floraidi ni kitu gani, alijua tu kwamba ya bombani "yanakula watoto".

Sasa kumbe na kondoo wa Iceland ni ndugu zangu.

Mkoba wa Karatasi:

Mmeru, ni floraidi ileile, kaka. Tofauti ni kwamba yenu inakuja taratibu kwa miaka, wao iliwashukia ndani ya wiki. Asante kwa hilo la bibi, lina thamani kuliko nusu ya niliyoyasoma.

Goma Kwetu:

Bandugu, niruhusuni neno moja. Huku kwetu Kivu tuko na kitu inaitwa mazuku. Ni hewa mubaya inatoka chini ya udongo, inajikusanya kwenye mashimo na bonde, haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Mtoto anaenda kumufata, naye vilevile. Mutu mukubwa akisimama anaweza kupona kwa sababu ile hewa ni nzito, inabakia chini. Lava ya Nyiragongo ya 2002 iliingia mu mji, watu waliiona ikikuja wakakimbia. Mazuku hauione. Mimi naogopa mazuku zaidi.

Mkoba wa Karatasi:

Goma Kwetu, neno hilo mazuku wanasayansi wa volkano wa dunia nzima wanalitumia kama lilivyo kwenye maandishi yao. Limetoka kwenu.

Sasa tuvuke bahari. Gesi ya Laki ilipanda juu, upepo ukaichukua kusini mashariki. Katikati ya Juni iko Prague. Tarehe 18 Berlin, tarehe 20 Paris, siku mbili tatu baadaye Uingereza. Hebu jiweke mahali pa mkulima wa kule, katikati ya kiangazi. Ukungu umeshuka na hauna unyevu, hauloweshi nguo. Unanuka salfa. Jua mchana unalitazama kwa macho makavu bila kufumba, limepauka kama sahani ya bati, jioni limekuwa jekundu kama damu. Majani ya miti yanakauka kabla ya wakati. Meli zinabaki bandarini kwa kutoona mbele. Vibarua wa mashambani mashariki mwa Uingereza wanaanguka na kufa, vitabu vya mazishi vya makanisa vinaonyesha vifo vimepanda ghafla kiangazi kile. Na hakuna hata mmoja Ulaya bara anayejua Iceland kuna nini. Habari ilisafiri kwa meli, na moshi ulikuwa umeshaipita meli.

Watu waliuhusisha ukungu ule na matetemeko ya Calabria, kusini mwa Italia. Hayo yalianza 5 Februari mwaka uleule, matano makubwa ndani ya wiki saba, makumi ya maelfu wakafa. Pale Scilla watu waliogopa nyumba zao, wakaenda kulala ufukweni. Usiku kipande cha mlima kikaporomoka baharini, wimbi likarudi likawazoa kama 1,500. Kwa hiyo ukungu ulipokuja miezi minne baadaye, kila mtu alisema ardhi ya Italia ndiyo iliyofuka.

Kiroba Kitupu:

Yaani hao watu wa Scilla. Unakimbia nyumba, bahari inakufuata.

Mbishi wa Tandale:

Mleta uzi, swali la kistaarabu. Huyu Franklin wa kwenye noti ya dola 100 si alikuwa Paris mwaka huo? Hakusema kitu?

Mkoba wa Karatasi:

Alikuwa balozi wa Marekani, anaishi Passy nje kidogo ya mji, ana miaka 77 na mawe ya kibofu. Na ndiye aliyekaribia jibu. Alifanya jaribio ambalo hata mtoto angeweza: alichukua kioo kile cha kukusanya miale ya jua, kinachochoma karatasi siku zote, akakuta kiangazi kile miale iliyokusanywa haiwezi karibu kuwasha hata karatasi ya kahawia. Jua lilikuwa pale, nguvu yake imeibwa njiani. Akaandika mwaka uliofuata kwamba huenda chanzo ni moshi wa volkano ya Iceland, na kwamba huenda ndiyo sababu ya baridi kali ya 1783 kuingia 1784. Hakuwa na kipimo wala kompyuta. Kioo na karatasi tu.

Na huyuhuyu Franklin, 3 Septemba, alikwenda pamoja na John Adams na John Jay kusaini ule mkataba wa ubaoni kwetu. Kwangu kioo kile kinauzidi mkataba, mkibisha tubishane.

Ila Paris yenyewe mwezi ule haikuwa na habari na mkataba. Ilikuwa inatazama juu.

Kuna ndugu wawili, Joseph-Michel na Jacques-Étienne Montgolfier, familia ya watengeneza karatasi kutoka Annonay. Waliona mfuko ukiwekwa juu ya moto unapanda. Wao waliamini kinachoinua ni moshi wenyewe, si joto, kwa hiyo walichoma majani mabichi na sufu ili ufuke vizuri! Nadharia imekosewa kabisa, puto likaruka vilevile. Tarehe 4 Juni 1783 wakalionyesha hadharani kwao, siku nne tu kabla Laki haijapasuka.

Agosti 27 mpinzani wao Jacques Charles akarusha la haidrojeni pale Champ de Mars, bila mtu ndani. Likaenda likaangukia kijiji cha Gonesse. Wanakijiji kuona dubwana limeshuka kutoka mbinguni, linapumua na kunuka, wakalishambulia kwa mauma ya kubebea majani mpaka likafa. Nawaelewa kabisa. Mwaka ule jua limekuwa jekundu, hewa inanuka salfa, halafu hiki nacho?

Septemba 19, mbele ya Mfalme Louis XVI huko Versailles, puto la Montgolfier likapanda na abiria watatu: kondoo, bata na jogoo. Dakika kama 8 angani. Jogoo alikutwa na bawa bovu, wataalamu wakaanza kujadili athari za anga la juu kwa viumbe, mpaka mashahidi waliposema kondoo alimpiga teke kabla hawajaondoka.

Shangazi wa Pwani:

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Na kondoo je, alipona?

Mkoba wa Karatasi:

Shangazi, nakuja huko. Kwanza binadamu. Mfalme alitaka wapandishwe wafungwa waliohukumiwa kifo, wakifa si hasara. Jean-François Pilâtre de Rozier akakataa heshima ile iende kwa mhalifu. Novemba 21 yeye na Marquis d'Arlandes wakapanda, wakavuka juu ya Paris dakika kama 25, huku wakilisha moto majani na kuzima kwa sponji matundu yaliyokuwa yanaungua kwenye kitambaa juu ya vichwa vyao. Siku kumi baadaye Charles naye akapanda kwa haidrojeni, saa mbili na zaidi. Ndani ya miezi sita dunia ilitoka kwenye mfuko wa karatasi hadi kwa mtu angani.

Kule St Petersburg mwanahesabu Leonhard Euler, kipofu, alikuwa anapiga hesabu za jinsi puto linavyopanda. Septemba 18 akafa ghafla, hesabu zikabaki kwenye kibao chake.

Mbishi wa Tandale:

Uzi mtamu, sikatai. Lakini mpaka sasa ni wazungu na kondoo wao. Waafrika mwaka 1783 tulikuwa wapi? Au tulikuwa tumelala?

Mkoba wa Karatasi:

Nilikuwa nasubiri uulize. Tulikuwa mahakamani London, kama mzigo.

Ilikuwa Machi 1783. Meli inaitwa Zong, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool. Mwaka 1781 ilipakia Waafrika 442 kutoka pwani ya Afrika Magharibi, zaidi ya inavyoweza kubeba. Ikaipita Jamaica kwa kukosea ramani. Kuanzia 29 Novemba mwaka huo mabaharia wakawatupa baharini watu zaidi ya 130, kwa awamu, wakiwa hai, kwa madai kwamba maji ya kunywa yanakwisha. Meli ilipofika bandarini ilikuwa na maji zaidi ya galoni 400, na ikathibitika mvua ilinyesha kabla awamu ya mwisho haijatupwa.

Sasa kilichowapeleka mahakamani si mauaji. Ni bima. Wenye meli walidai pauni 30 kwa kila kichwa kilichopotea, kampuni ya bima ikagoma. Machi jopo la raia likawapa ushindi wenye meli. Mei ombi la kesi kusikilizwa upya likafika mbele ya Jaji Mkuu, Lord Mansfield, ambaye alieleza kuwa mbele ya lile jopo shauri lilikuwa sawasawa na farasi waliotupwa baharini. Aliruhusu isikilizwe tena kwa sababu ya ile mvua, lakini hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa kwa kuua.

Aliyetoa taarifa nje ni Mwafrika. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa na akajinunua mwenyewe, alikwenda 19 Machi nyumbani kwa Granville Sharp, mpinzani wa utumwa, akamwambia kinachoendelea. Sharp akaajiri mwandishi wa hati mkato, kila neno la kikao cha Mei likaandikwa. Ndiyo maana leo mimi na wewe tunajua.

Mbishi wa Tandale:

Farasi.

Endelea.

Mkoba wa Karatasi:

La pili. Ule mkataba wa Paris, ambao rasimu yake ilikuwa imeshakubaliwa kabla ya kusainiwa Septemba, una kifungu cha 7 kinachowakataza Waingereza kuondoka na "Weusi au mali nyingine" za Wamarekani. Tatizo ni kwamba wakati wa vita Waingereza waliwaahidi uhuru watumwa watakaowatoroka mabwana zao waasi. Maelfu walitoroka. Mei 1783 Jenerali George Washington akakutana na Guy Carleton, kamanda wa Waingereza New York, akidai watumwa warudishwe. Carleton akamjibu kwamba walioahidiwa uhuru kabla ya mkataba si mali tena, na kuwarudisha ni kuvunja neno la Mfalme. Alichofanya ni kuandika daftari: jina, umri, alikuwa wa nani, anapanda meli gani. Watu kama 3,000.

Ndani ya daftari hilo yumo Harry Washington, miaka 43, aliyekuwa mali ya Jenerali Washington, alimwacha miaka 7 iliyopita. Alizaliwa upande wa mto Gambia, akauzwa, akawa shambani Mount Vernon, akatoroka 1776 akajiunga na Waingereza. Julai 1783 akapanda meli kwenda Nova Scotia. Mwaka 1792 akavuka tena, safari hii kwenda Freetown, Sierra Leone. Mtu huyu alirudi Afrika kwa miguu yake wakati bwana wake wa zamani ni rais.

Shangazi wa Pwani:

Na huku kwetu nako, kwa wanaohesabu: mwaka huohuo 1783 ndipo alipofariki Imam Ahmad bin Said wa Oman, mwanzilishi wa ukoo wa Busaidi. Baada yake watoto wakagombana, mmoja wao, Saif, akaja pwani ya Afrika Mashariki kujitafutia utawala. Waomani wakatuma jeshi kumfuata, na 1785 wakaishika Kilwa tena. Ukoo huohuo ndio uliokaa Zanzibar mpaka Januari 1964. Na Bahrain, Al Khalifa waliingia 1783. Marehemu babu angesema ulikuwa mwaka wa watu kuhama hama.

Mkoba wa Karatasi:

Shangazi, hilo la Saif sikulijua. Nakupa uzi wako, ufungue.

La tatu ni Mto Nile, na hapa nakwenda taratibu. Mafuriko ya 1783 yalikuwa madogo, ya 1784 nayo hivyo. Msafiri Mfaransa Volney alikuwa Misri wakati huo. Anasema Cairo njaa iliua karibu sawa na tauni, barabara zilizokuwa zimejaa ombaomba zikawa hazina hata mmoja. Alikadiria nchi ilipoteza moja ya sita ya watu. Maji ya Nile yanatoka mvua za nyanda za juu za Ethiopia, na mvua hizo zinategemea bara lipate joto ili livute hewa yenye unyevu kutoka baharini. Funika jua la kaskazini kwa pazia la salfa, bara linapoa, mvuto unapungua, mvua inakosekana. Wanasayansi wameigiza jambo hilo kwenye kompyuta wakapata ukame uleule.

Mmeru wa Maji ya Chai:

Mkuu, mimi nimesomea hali ya hewa kidogo. Miaka ile kulikuwa na El Niño pia. Usimtwishe Laki kila kitu.

Mkoba wa Karatasi:

Kweli kabisa. Baridi ya 1783 hadi 1784 wako wanaoitenga na Laki moja kwa moja. Japani nako Agosti 1783 Mlima Asama ulilipuka ukaua zaidi ya watu 1,000, lakini ile njaa yao kubwa ilikuwa imeshaanza mwaka uliotangulia. Kwa Nile nabaki upande wa pazia la salfa, ila kwa sauti ya chini.

Mengine nayapitisha mbio: Aprili Urusi ya Catherine iliimeza Crimea, Julai akazaliwa Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika ya Kusini, kule Caracas. Kila moja lina uzi wake.

Kiroba Kitupu:

Umeongea yote, swali la shangazi umelikwepa.

Mkoba wa Karatasi:

Ah! Kondoo. Alikutwa ametulia anakula majani. Wakampeleka kwenye zizi la wanyama la kifalme pale Versailles akakaa, hakuchinjwa. Bata naye hakuwa na hata mkwaruzo, ila yeye kuruka alikuwa ameshazoea.